Amplifaya mpya na ile kuukuu: nimezishindanisha bila kuziona

Nianze na jibu, asiye na muda aende zake: amplifaya hii ndogo ya klasi D (aina inayokuza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi mno, hivyo haipotezi umeme mwingi kwa joto) ni nzuri, sina ugomvi nayo, lakini kwa sauti haina ilichoizidi ile kuukuu niliyorithi kwa mzee. Muuzaji aliniapia kwamba nikiiwasha nyumbani udi utasikika kama unapigwa sebuleni. Pale dukani kweli ulisikika hivyo. Ila dukani aliyeshika kitufe cha sauti alikuwa yeye.

Na mchezo wote uko hapo. Vyombo viwili vikilingana, kile kilicho juu kidogo tu ndicho sikio litakachokisifu. Tofauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au pungufu huwezi kuitambua kuwa ni sauti iliyoongezwa. Utasema tu hiki kina besi nzuri, kiko wazi, kina uhai. Besi hasa, maana sikio huzisikia hafifu sauti ikiwa chini, jambo ambalo watafiti Fletcher na Munson walilipima na kulichora tangu 1933.

Kwa hiyo kabla ya muziki wowote nilitoa mita ya fundi wa umeme. Nikapiga mlio mmoja usiokatika wa Hz 400 (mita nyingi za bei rahisi hazisomi sawasawa juu ya hapo), spika zikiwa zimeungwa, nikagusisha ncha kwenye vifungio vya nyaya za spika na kusoma volti. Hii mpya sauti yake hupanda kwa kuruka, hatua kwa hatua. Ile ya mzee kitufe chake chazunguka laini. Basi nikaiacha mpya ilipo, karibu na volti 2, nikaifuatisha kuukuu taratibu. Wanaofanya kazi hii kwa dhati hawataki tofauti ipite desibeli 0.1, ambayo kwa volti ni kama asilimia moja. Ikiwa moja yasoma 2.00 na nyingine 2.03, bado hamjaanza.

Swichi ya kuhamisha spika alinichomea fundi mmoja pale Mwembe Tayari. Nilimsisitizia ikate nyaya zote mbili, nyekundu na nyeusi. Kwenye klasi D nyingi ule mweusi nao unabeba muziki, na ukigusana na mweusi wa amplifaya nyingine unaweza kuunguza kitu.

Mtindo wenyewe ni ule wa ABX: A ni hii, B ni ile, X ni mojawapo usiyoambiwa, nawe utaje ni ipi. Mpwa wangu alikaa nyuma ya pazia na sarafu na daftari. Sarafu ndiyo iliyoamua X. Alikatazwa kusema, hata kuguna, kwa sababu anayejua jibu hulitoa bila kukusudia. Kitufe cha kurudi A au B nilikuwa nacho mimi, na vipande vilikuwa vifupi vya sekunde chache, maana kumbukumbu ya sauti huyeyuka upesi. Tulifanya usiku baada ya Isha, tuktuk zikipungua, feni imezimwa. Feni ikiwaka inameza tofauti ndogo. Ikizimwa kwa joto la Mombasa, mtu huanza kujibu ovyo apate kutoka barazani. Pumzikeni kila mara.

Kwa kubahatisha tu utapata nusu. Kati ya raundi 16, kupata 12 au zaidi kwa bahati hutokea chini ya mara 4 kwa 100, ndiyo maana wengi huuchukua huo kuwa mpaka. Sikuufikia. Rafiki yangu mpiga kinanda wa harusini, ambaye masikio yake nayaheshimu, naye hakuufikia, na alinuna kidogo. Hilo halimaanishi kwamba hakuna amplifaya inayotofautiana na nyingine. Ni kwamba hizi mbili, kwa spika zangu, chumbani mwangu, kwa sauti ya kawaida, hatukuweza kuzitenganisha.

Nilipobadilisha spika, hapo hata daftari halikuhitajika: jirani angeweza kutaja ipi ni ipi. Lakini kuamua ipi ni *nzuri zaidi* bado kunataka pazia. Watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha mwaka 1994 kwamba watu wakiziona spika, alama wanazotoa hubadilika.

Niliporudi dukani na habari hii, muuzaji hakutishika. "Sheikh, tatizo ni waya. Chukua huu mnene." Nikamwambia aulete nyumbani tuutie kwenye swichi. Inshallah, akasema.

Nimebaki na hii mpya kwa sababu nyingine: haichemki, ina bluetooth, na inakaa kwenye rafu ya vitabu. Taa yake ya bluu ni kali mno, nimeibandika utepe mweusi. Vifungio vya nyuma vimeshaanza kutu kwa hewa hii ya bahari, wakati vya ile ya mzee bado vinang'aa.