Bushi za kasta kwenye Land Cruiser 80 iliyoinuliwa, nyota nne

Wenye mashangingi ya zamani, yaani ile 80 ya miaka ya 90, njooni huku. Nimekaa na hizi bushi (vile vipande vya mviringo vya kwenye maungio ya ekseli ya mbele, hizi ni za kurudisha kasta, yaani ule ulalo wa tairi za mbele unaopotea ukiinua gari) miezi saba, nimeshaenda nazo Natron mara mbili, kwa hiyo siongei kwa kusikia.

Gari yangu ni HZJ80, ile yenye fowili ya muda wote, tairi zote nne zinasukuma kila saa. Mwaka jana nikaiinua inchi 2, springi mpya na shokapu zake, nikavalisha na tairi 285/75 R16, ikasimama mpaka jirani akaniuliza nimebadili gari lini. Mjini Arusha sikuona shida yoyote, kwanza kwa foleni zile na matuta utaona shida saa ngapi. Siku naenda Namanga ndio nikajua, nimeshapita Oldonyosambu naingia zile mbuga za Longido kweupe, upepo wa ubavuni ukaanza, weee, nikawa kama nimepanda mtumbwi. Naweka usukani kulia kidogo gari inaenda kulia halafu haitaki kurudi, mpaka niirudishe mwenyewe, nikiirudisha inapitiliza kushoto, basi likinipita ndio kabisa inanyonywa. Na pale malori yalipolala kwenye lami mpaka ikafanya mifereji, gari inaufuata mfereji kama treni. Kilomita 80 kwa saa mikono imekakamaa, mama watoto kimya hasemi neno, na huyo akikaa kimya ujue ana hofu.

Gereji ya kwanza (jina nahifadhi) wakasema ni shokapu ya stelingi imekufa. Nikanunua mpya. Ikapunguza mtikisiko kidogo kwenye makorongo ila kuyumba kulekule. Nikarudi, wakasema basi stelingi boksi ina pleyi, yaani inacheza, wakashika bisibisi wakaibana ile skrubu ya juu, hapo ndio wakaharibu kabisa maana usukani ukawa mzito na ndio haurudi tena hata ukikata kona ya mtaani. Jamani kama fundi wako anakimbilia skrubu ya stelingi boksi kabla hajapima chochote chukua funguo zako uondoke.

Fundi wa pili ni mzee mmoja wa Unga Limited, hana hata kibao nje. Hakuuliza kuhusu stelingi, aliuliza "umeipandisha inchi ngapi?" nikamwambia mbili, akasema "na kasta umeirudisha na nini mwanangu?" Nikabaki namtazama.

Akanielewesha hivi. Angalia baiskeli, foki ya mbele haijasimama wima, imelala kuelekea kwa mpandaji, ndio maana unaweza kuachia mikono na bado ikaenda sawa. Ule ulalo ndio kasta. Ekseli ya mbele ya 80 imeshikwa na amu mbili ndefu, yaani mikono ya chuma, zilizofungwa nyuma kwenye chesisi, sasa ukiinua chesisi kwa springi ndefu zile amu zinashuka kwa mbele na zinaizungusha ekseli, ule ulalo unapotea. Kwa inchi 2 unapoteza kama digrii 2, na gari ya kiwanda inakuwa na kama 3 tu. Tulivyoipeleka kwenye mashine ya alaimenti karatasi ikatoa 0.9 kushoto na 1.1 kulia. Kijana wa mashine akasema toe, yaani tairi kutazama ndani au nje, ataweka sawa lakini kasta haina pa kuadjasti kwenye ekseli nzima kama hii, na ni kweli haina, kwa hiyo ukilipia alaimenti mara kumi bila kugusa amu unachoma hela.

Ndio tukaja kwenye bushi zenyewe. Ni nne, zinakaa pale amu zinaposhika ekseli, tundu lake halipo katikati limesogezwa pembeni, kwa hiyo ukizifunga ekseli inageuka kurudi ilikokuwa. Zipo za plastiki ngumu na za raba, nimechukua za raba kwa ushauri wa mzee, anasema zile ngumu zinapiga kelele vumbi likiingia na kwa njia ya Engaruka vumbi halikosi.

Kufunga ni kazi, msidanganywe ya saa moja. Za zamani zinatolewa kwa presi, zilikuwa zimeganda, asubuhi mpaka saa kumi jioni. Halafu mwelekeo, hapa kuweni macho sana, bushi ya mbele na ya nyuma ya amu moja hazielekezwi upande mmoja, ukigeuza unaondoa hata kile kidogo kilichobaki. Kijana wake aliweka moja kinyume, mzee akaiona kabla haijafungwa, ikatolewa tena. Na nati za mwisho zikazwe gari ikiwa chini imesimama kwa miguu yake, sio ikiwa juu ya jeki, la sivyo raba inabaki imejipinda na inakatika mapema.

Palepale akanyanyua tairi akalishika juu na chini akalitikisa, likacheza. Beringi za kingipini, zile tairi linazogeukia ukikata usukani. Akabadili, akapima ukazo kwa ule mzani wa kuning'iniza wanaotumia wauza samaki, nikacheka lakini ndio kipimo chenyewe. Stelingi boksi akairudisha ilivyokuwa, upepo wa tairi akashusha kutoka PSI 45 hadi 35.

Mashine ikasoma 2.9 na 3.1. Kesho yake nikaenda Longido makusudi, upepo uleule, kidole kimoja kwenye usukani, ukikata kona unaachia unarudi wenyewe. Mama watoto akalala mpaka Namanga.

Nyota ya tano sitoi kwa sababu hii: ukirudisha kasta unaigeuza na difu, pua yake inatazama chini zaidi na propela ya mbele, ile shafti inayoizungusha difu, inakaa kwa pembe kali, sasa nikiachia mafuta nikiwa kilomita 80 kwa saa kuna kamngurumo kanakuja chini ya miguu, sio kakubwa ila kapo. Mwenye fowili ya kuunganisha, akiwa ameachia loki za tairi za mbele, hatakasikia maana propela yake haizunguki hovyo. Na kama umeinua inchi 3 au 4 usinunue hizi, hazitoshi, huko unahitaji mabano ya kushusha amu au amu zenyewe ziwe nyingine. Jumamosi nampelekea mzee acheki krosi (maungio) za ile propela, kama ni zenyewe na sio bushi nitarudi kurekebisha hizi nyota.