Hati ya maadili ya APA mezani kwa mshauri wa mashirika: inafaa wapi, inapwaya wapi

Hati ya maadili ya Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, APA, inasomwa bure kwenye tovuti ya chama hicho, na hata wasio wanachama huitumia kama kipimo. Toleo tunalolipitia ni la 2002, pamoja na marekebisho ya 2010 na yale yaliyoanza kutumika 2017. Lina kanuni kuu 5 za kumwongoza mtu dhamiri, ambazo hazina adhabu, na sehemu 10 za viwango ambavyo mwanachama akivivunja anaweza kuwajibishwa. Swali letu ni dogo: mshauri anayeingia kesho kwenye shirika lililojaa manung'uniko itamfaa kitu gani?

Kasoro inaonekana tangu kwenye orodha ya yaliyomo. Tiba imepewa sehemu nzima, ya 10. Kazi ya mashirika haina sehemu yake. Viwango vyake vimetawanyika, na kilicho muhimu kuliko vyote kimewekwa mwishoni mwa sehemu ya 3, mahali ambapo msomaji wa harakaharaka hafiki.

Hicho ni kiwango cha 3.11, na kwa sababu yake hati hii inastahili kubebwa. Kinamtaka mshauri awaeleze mapema wateja, na inapofaa wale ambao kazi itawagusa moja kwa moja, mambo 7: huduma ni ya namna gani na inalenga nini, wanaokusudiwa kuipata ni akina nani, kati yao mteja ni nani, mshauri atahusianaje na kila mmoja wao na shirika lenyewe, taarifa zitatumikaje, nani ataziona, na usiri unaishia wapi. Matokeo nayo yarudishwe kwa wahusika mapema iwezekanavyo. Kama sheria au taratibu za shirika zinazuia hilo, wahusika waambiwe tangu mwanzo, si ripoti ikishafungiwa kabatini.

Yageuze mambo hayo kuwa ukurasa mmoja, uuambatishe kwenye hadidu za rejea kabla mkataba haujasainiwa. Wengi hukwama kwenye jambo la tatu, mteja ni nani. Mkurugenzi ndiye analipa, idara ya rasilimali watu ndiyo imeandika hadidu, meneja mmoja ndiye analalamikiwa, na wanaohojiwa ni walio chini yake. Kuandika "mteja ni shirika" hakusaidii kitu, taja ofisi. Kisha kila mahojiano yafunguliwe kwa maneno yaleyale: "Aliyenipa kazi hii ni ofisi ya mkurugenzi. Utakayosema yatachanganywa na ya wenzako na jina lako halitaandikwa. Ila ukinieleza jambo linalohatarisha maisha ya mtu, au ambalo sheria inanilazimu kulitoa, sitaweza kulificha." Ahadi ya "kila utakachosema kitabaki kati yetu" isitolewe kamwe. Haitekelezeki, na ikivunjwa mara moja hakuna atakayejaza dodoso lijalo kwa ukweli.

Jinsi usiri unavyovuja kupitia takwimu, hati haisemi, na hapo mshauri mchanga huumia. Chukua kitengo cha watu 10, wastani wao wa kumwamini meneja ni 3.4 kati ya 5. Menejimenti inaomba jedwali la wanaume peke yao: ni 8, wastani 3.75. Hakuna aliyetoa alama za wanawake 2, lakini zimeshatoka: 34 ukitoa 30 inabaki 4, yaani wastani wa 2 kwa kila mmoja, na meneja anawajua wote wawili kwa majina. Kinga ni kupanga majedwali yote kabla ya kukusanya majibu, kuweka idadi ya chini ya kundi linaloripotiwa (wengi hutumia 5, na kwa maswali mazito ni afadhali kupandisha), na kukataa jedwali lolote ambalo tofauti ya watu kati yake na jingine inashuka chini ya idadi hiyo. Maoni ya maandishi ni hatari zaidi. Mtu hutambulika kwa msemo wake, kwa hiyo yafupishwe kwa maneno ya mshauri, yasinukuliwe.

Kwenye vipimo, sehemu ya 9, hati iko imara. Kipimo kitumike kwa kundi na kusudi ambalo ushahidi wake upo, na majibu yaliyopitwa na wakati yasiamue hatima ya mtu. Mfano wa kawaida: wafanyakazi walijaza dodoso la haiba kwenye warsha ya kujenga timu, miezi baadaye menejimenti inataka alama zilezile zisaidie kuchagua wa kupunguzwa. Matumizi yamebadilika, ushahidi haupo, na hawakuridhia hilo. Kiwango cha 9.10 kinaruhusu matokeo yasielezwe kwa aliyepimwa katika baadhi ya kazi za ushauri na usaili, mradi awe amefahamishwa waziwazi kabla. Ni ruhusa pana mno, kwa maoni yetu.

Kofia mbili, yaani kuwa na majukumu mawili kwa mtu yuleyule, zinaguswa na kiwango cha 3.05. Si kila uhusiano wa namna hiyo umekatazwa. Unaozuiwa ni ule unaotarajiwa kupotosha uamuzi au kumdhuru mtu. Sawa, lakini aliyekuwa akimnoa meneja kwa faragha kisha akaitwa kwenye jopo la kumpandisha cheo anabaki kukisia. Hapo hati ya maadili ya wanasaikolojia wa Kanada ni bora: kanuni zake 4 zimepangwa kwa uzito, na ina hatua za kufikia uamuzi.

Kiwango cha 1.03 kinahusu shirika linapodai jambo linalopingana na maadili: eleza mgongano, tamka msimamo wako, chukua hatua za busara kuutatua. Mwaka 2010 kiliongezewa kwamba hakiwezi kutumiwa kutetea uvunjaji wa haki za binadamu. Mlango wa kutokea haujachorwa, kwa hiyo uweke mwenyewe kwenye mkataba: kifungu cha kujitoa, kinachosema pia data ghafi zitabaki kwa nani kazi ikikatika.

Ada na matangazo yamegusiwa vya kutosha. Anayeisoma kwa mara ya kwanza aanze na 3.11, aende 3.05 na 3.06 (mgongano wa maslahi), kisha sehemu ya 4 (usiri) na ya 9, ndipo arudi 1.03, sehemu ya 10 anaweza kuiruka.