Conditional Access ya Microsoft kwa ofisi za utalii Arusha: kifaa kwanza, ramani baadaye

Ofisi nyingi za safari Arusha zinalipwa kwa mtindo mmoja. Mgeni yuko Ulaya au Marekani, anatumiwa invoisi kwa barua pepe, analipa malipo ya awali benki kabla hajapanda ndege. Tapeli akishaingia kwenye barua pepe ya mtu wa booking hana haja ya kuvunja kitu chochote. Anasoma mazungumzo kimya kimya, anasubiri siku ya invoisi, anabadilisha namba ya akaunti ya benki, basi.

Conditional Access, sehemu ya Entra ID (mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti na kuingia), imetengenezwa kwa tatizo la namna hiyo. Haimsumbui kila mtu kila anapoingia. Inaangalia ni nani, kwa kifaa gani na kutokea wapi, halafu inaamua apite, athibitishe kwa simu, abadilishe nywila au azuiwe. Kuna madaraja mawili. P1 imo ndani ya Microsoft 365 Business Premium na inafuata masharti unayoandika mwenyewe. P2, ambayo bei yake ya orodha imekuwa dola 9 kwa mtu kwa mwezi, inaongeza hesabu ya hatari: jaribio la kuingia linalotia shaka linapewa alama ya chini, ya kati au ya juu, na akaunti nayo inapewa alama yake. Inashika nywila zilizovuja, mitandao ya kuficha utambulisho, na safari ambazo binadamu hawezi kuzifanya kwa muda uliopita.

Kwenye safari ndipo hesabu inapoyumba kwa mazingira yetu. Mfanyakazi yuko Njiro kwenye faiba ya ofisi saa 2:10 asubuhi. Saa 2:14 anatoka nje ya geti, simu inahamia kwenye bando, na anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho kwenye intaneti) ya kampuni ya simu inasomeka Dar es Salaam. Kwenye rejista ya kuingia, mtu huyo amekwenda mamia ya kilomita kwa dakika nne. Lodge ya porini inayotumia setilaiti inaweza kusomeka nchi nyingine kabisa. Mfumo hujifunza mazoea ya mtu, ila unahitaji muda: kwa safari zisizo za kawaida ni siku 14 au kuingia mara 10, kinachotangulia. Kwa hiyo ukiajiri watu wa msimu mwezi Juni na kuwasha sera kali wiki hiyohiyo, utapokea simu nyingi za malalamiko kuliko simu za wageni. VPN nayo inaweza kupandisha alama, hata aliyeiwasha akiwa na sababu safi.

Wengi hukimbilia kuandika sharti la "Tanzania tu". Tunaliona kama kinga dhaifu. Tapeli anakodi anwani ya nchi yoyote anayoitaka, wakati mwongozaji aliyevuka Namanga kupokea wageni, au meneja aliye kwenye maonyesho ya ITB Berlin mwezi Machi, anafungiwa nje ya kazi yake. Sharti lenye uzito ni la kifaa: barua pepe ifunguke kwenye kompyuta na simu zilizosajiliwa Intune (mfumo wa Microsoft wa kusimamia vifaa) na kutimiza masharti (diski imefichwa kwa msimbo, kuna namba ya kufunga skrini, mfumo umesasishwa). Intune nayo imo ndani ya Business Premium, kwa hiyo hulipi mara mbili. Kwa ofisi ya watu kumi na wawili, P1 iliyopangwa hivi inatosha kwa walio wengi. P2 wape wanaogusa invoisi, malipo na usimamizi wa mfumo, na sera ya hatari ielekezwe kwenye kundi hilo peke yake.

Kosa tunaloliona baya kuliko yote ni kuiweka IP ya ofisi kwenye orodha ya mahali pa kuaminika bila kuuliza ni ya nani. Fungua ukurasa wa ruta, soma anwani ya upande wa nje, kisha ilinganishe na ile inayoonekana kwenye tovuti za kuonyesha IP. Zikitofautiana, au ya ruta ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unatumia anwani moja na wateja wengine wa mtoa huduma wako. Ukiiamini hiyo umewaamini majirani wote, na alama ya hatari itashuka hata kwa jirani mwenye nia mbaya. Omba IP ya kudumu ya kwako, ama liache sharti hilo.

Upangaji wenyewe una mitego. Kinga za msingi za bure za Microsoft (security defaults) lazima zizimwe kabla sera hazijawashwa, kwa hiyo sera ziwe tayari kwanza. Anza na hali ya kuripoti tu, isiyomzuia mtu, usome rejista kwa wiki mbili hivi. Hatari ya kuingia na hatari ya akaunti ziwekwe kwenye sera mbili: ukizichanganya kwenye moja, masharti yote mawili yanatakiwa yatimie pamoja, na sera itakaa kimya siku unayoihitaji. Ya kwanza idai uthibitisho kuanzia alama ya kati. Ya pili idai nywila mpya alama ikiwa ya juu. Kila mtu awe amesajili Authenticator, programu ya simu ya kuthibitisha kuingia, mapema, maana asiyesajili akipata alama ya hatari hapewi nafasi ya kusajili papo hapo. Anazuiwa. IMAP na POP, njia za zamani za kusoma barua pepe, zifungwe kabisa; kuingia kwazo kwa nywila tupu, kusikojua uthibitisho wa hatua ya pili, Microsoft ilishakuzima.

Tenga pia akaunti mbili za dharura nje ya sera hizi, kila moja na ufunguo wa FIDO2 (kifaa kidogo cha kuthibitisha kuingia) wa kuchomeka, ufungiwe kwenye sefu. Microsoft sasa inadai uthibitisho wa pili kwenye kurasa za usimamizi hata kwa akaunti za dharura, hivyo nywila ndefu kwenye karatasi haitoshi tena.

Na mwongozaji akiangusha simu Serengeti? Mtolee msimbo wa muda wa kuingilia (Temporary Access Pass). Kwa kawaida unaishi saa moja, na unaweza kuupangia kuanzia dakika 10 hadi siku 30. Mpe kwa sauti baada ya kumtambua, kamwe si kwa ujumbe uliotumwa kwa namba ngeni inayodai ndiyo yake mpya.

Pengo moja P2 hailizibi lote. Ukurasa bandia unaweza kukaa katikati, ukapitisha nywila na uthibitisho wa simu, kisha ukaiba kikao kilichokwisha kufunguliwa. Baadhi ya alama za hatari huja saa nyingi baada ya mtu kuingia, na saa moja inamtosha tapeli kutuma invoisi. Wa idara ya malipo waingie kwa ufunguo wa FIDO2, ambao haukubali kufanya kazi kwenye anwani bandia.