Ulinzi shirikishi mtaani kwetu Moshi: nalipa, ila risiti kwanza

Wageni wanaopanga hapa Moshi hushtuka mwisho wa mwezi wakigongewa geti na kijana mwenye daftari: "Shikamoo mama, mchango wa ulinzi." Wananiuliza kama ni lazima, na kama kuna kinachofanyika au ni ulaji tu. Inategemea mtaa, na ndani ya mtaa huohuo inategemea mwaka. Kwetu (kata siitaji) nimeiona huduma hii ikiwa nzuri, ikioza, na sasa imefufuka nusu.

Bei kwanza. Mwenye nyumba analipa 5,000 kwa mwezi, mpangaji wa chumba 1,000. Kwa hela hiyo kuna vijana wanaozunguka kuanzia saa tano usiku mpaka alfajiri, wana tochi, filimbi, virungu na zile jaketi zinazong'aa. Kampuni binafsi kwa geti moja ni pesa nyingine kabisa, kwa hiyo kwenye bei sina neno.

Kilichonifanya niipende ni Desemba. Krismasi ikikaribia, mji unapanda mlimani. Kibosho, Machame, Marangu na Rombo kunajaa magari ya Dar, huku mjini nyumba zinabaki na kufuli, na vibaka wanaijua kalenda hiyo vizuri sana. Mwaka ule mkuu wa doria, mzee tunayemwita Meku tu, alipita nyumba kwa nyumba na kaunta buku: nani anasafiri, anarudi lini, funguo kaachiwa nani, mita ya maji iko ndani au nje ya ukuta. La mita halikuwa mzaha. Zilikuwa ziking'olewa usiku na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mwenye nyumba akirudi anakuta uwanja umegeuka dimbwi. Sisi tuliporudi baada ya mwaka mpya tulikuta mistari ya chaki kwenye nguzo ya geti. Kila usiku waliopita, mstari mmoja. Nilipomuuliza, Meku alisema ndivyo anavyowakagua vijana wake asubuhi.

Na kulikuwa na afande. Polisi jamii, yaani polisi na wananchi kulinda pamoja, si jambo jipya, Jeshi la Polisi lenyewe limekuwa likiisukuma tangu 2006, enzi za mkuu wa polisi nchini (IGP) Said Mwema, lakini kwetu ilikuwa bango la ukutani hadi alipopangwa mkaguzi wa kata aliyetembea mitaani kwa miguu. Alikuja kwenye mkutano wa mtaa, akaandika namba yake ubaoni, kisha akawaambia vijana mbele ya watu wote: mkikamata mtu mnamleta kituoni, hampigi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfunga mtu kwenye nguzo mpaka kukuche hakumo.

Si wote waliofurahi. Mama mmoja muuza ndizi akasimama: "Afande, tukikuletea leo, kesho tunakutana naye soko la Mbuyuni anatucheka." Hakumbishia. Alisema dhamana ni haki ya mtuhumiwa, na kesi nyingi hufa kwa sababu mashahidi hawaendi mahakamani. Akauliza nani kati yetu aliyeibiwa amewahi kwenda kutoa ushahidi. Mzee mmoja akajibu kwa swali, nauli analipa nani? Mkutano mzima ukaangua kicheko. Swali lenyewe, kwa maoni yangu, lilikuwa la maana kuliko yote ya siku ile, na halikujibiwa.

Afande akahamishwa. Meku naye akaugua, akapumzika. Baada ya hapo mapato hayakusomwa tena, doria ikapungua watu, na waliobaki ukiwatafuta saa nane za usiku unawakuta wamejikunyata kwenye baraza la duka la Mangi. Pikipiki ya jirani yangu ilitolewa barazani bila filimbi hata moja kulia. Alipiga 112, akaenda kituoni, akaandikiwa RB (namba ya taarifa ya tukio) na kuambiwa gari la doria liko upande mwingine. Miezi hiyo nyumba nyingi ziligoma kulipa, na siwalaumu.

Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 kamati mpya imebandika mapato na matumizi mlangoni mwa ofisi ya mtaa, na risiti zimerudi. Ndiyo maana nalipa tena. Ukihamia mtaa wowote, ulizia karatasi hiyo kabla hujatoa hata mia.

Kasoro kubwa iliyobaki ni saa. Doria inaanza saa tano, wakati mikoba na simu zinaporwa na watu wa bodaboda saa moja na saa mbili jioni, akina mama wakitoka sokoni, tena pale njia panda ambako taa haiwaki. Kwa maneno mengine tunalinda makufuli, watembea kwa miguu wajitegemee. Tumeomba doria ianze saa moja. Kamati inataka nyongeza ya 1,000 kila nyumba, na wapangaji, ambao ndio wengi wanaotembea kwa miguu, wanasema nyongeza hiyo iwahusu wenye nyumba peke yao. Mkutano uliopita tuliachana bila kuelewana.