Uzoefu wangu: pakiti ya kufundishia Las Posadas katika darasa la Kihispania

Ninafundisha Kihispania watoto wa miaka 7 hadi 9 kila Jumamosi hapa Nairobi. Desemba iliyopita nilinunua mtandaoni pakiti ya masomo kuhusu Las Posadas, sherehe ya Wakatoliki wa Mexico ya kuelekea Krismasi. Unapakua kadi za picha, wimbo uliorekodiwa, karatasi za kupaka rangi na mwongozo wa mwalimu, kisha unachapisha mwenyewe.

Wimbo peke yake umelipa gharama. Darasa linagawanyika: nusu wako nje pamoja na Yosefu na Maria, wanaomba mahali pa kulala, nusu wako ndani, wanakataa, wakihofia huyo anayebisha ni mhuni. Wanajibizana ubeti kwa ubeti kupitia mlango, mpaka wenye nyumba wanapotambua ni nani aliyesimama nje. Mtoto aliyekuwa akikariri maneno ya kuomba na kukataa kwenye daftari sasa ana sababu ya kuyasema, tena kwa sauti, maana mlango umefungwa! Mlango ulipofunguliwa, wa ndani walishangilia kuliko wa nje.

Mwongozo ndio ulionisikitisha. Unataja usiku wa tarehe 24 tu, ilhali Posadas huchukua siku tisa mfululizo kuanzia tarehe 16 Desemba, mfano wa miezi tisa ya mimba ya Maria. Haugusi asili yake pia. Ni watawa Waagustino wa Acolman, karibu na Jiji la Mexico, waliopata kibali cha Papa katika miaka ya 1580 kuadhimisha misa za siku hizo.

Piñata nayo, chombo kinachoning'inizwa na kupigwa kwa fimbo mpaka kipasuke, imegeuzwa mchezo wa peremende basi. Ile ya asili ni chungu cha udongo kilichopambwa kwa karatasi za rangi, chenye pembe saba kwa ajili ya mizizi saba ya dhambi. Anayepiga hufungwa kitambaa machoni kwa kuwa imani huenda bila kuona, na vinavyomwagika ni neema ya Mungu. Niliwaeleza hayo mwenyewe, na wakataka kujua kila pembe ni dhambi gani. Kuwanyima watoto maana hii ni kuwapunja, hata wale wasio Wakatoliki. Halafu Mexico huijaza miwa, machungwa na karanga, vitu ambavyo soko lolote la hapa linavyo, na kwa bei nafuu kuliko peremende.

Naipa nyota 4 kati ya 5, kwa ajili ya wimbo na kadi, ambazo zimechorwa vizuri sana. Inunue ikiwa una muda wa kuandaa maelezo yako kuhusu sherehe yenyewe. Ukitegemea mwongozo pekee, watoto watabaki na rangi na peremende. Na kwa walioitengeneza: toleo lijalo wekeni wimbo wa mwendo wa pole pia, kwa sababu kasi ya sasa inawaacha nyuma wanaoanza.