Mbio za kilomita 10 katika bonde la Usangu wakati wa kipupwe: uzoefu wangu

Mkimbiaji wa klabu anayefanya mazoezi Mbeya mjini hujua kupanda na kushuka kuliko anavyojua kasi yake mwenyewe, kwa sababu hakuna upande wa mji ambao barabara yake hukaa sawa kwa umbali wa kutosha kumpa muda wa kuaminika. Kwa sababu hiyo nililipa ada ya shilingi elfu thelathini kushiriki mbio za kilomita 10 zilizofanyika Julai wilayani Mbarali, kwenye lami inayopita kati ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Maoni yangu ni kwamba njia yenyewe inastahili fedha hiyo na zaidi, ila maandalizi ya dakika za mwisho kabla ya kuanza yalipunguza faida ambayo msimu na ardhi vilikuwa vimetupa bure.

Kujiandikisha hakukuwa na usumbufu. Malipo yalifanyika kwa simu, na namba ya kifua pamoja na fulana tulichukua mjini siku iliyotangulia. Klabu yetu ilikodi Coaster iliyoondoka Uyole alfajiri, ikashuka mteremko wa Inyala taratibu nyuma ya malori ya shaba yanayoelekea Dar es Salaam. Mteremko huo, pamoja na kwamba unatisha, una habari njema kwa mkimbiaji: Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali tambarare ya Usangu iko juu kidogo tu ya mita 1,000, kwa hiyo hewa ya huko ni nzito zaidi na kila pumzi inabeba oksijeni nyingi kuliko ile tuliyoizoea mazoezini. Wenzetu waliotoka Njombe, ambako ni juu zaidi, walionekana kulifurahia jambo hili hata kabla ya kupasha misuli.

Kuhusu baridi, watu wengi huiogopa bila sababu. Sehemu kubwa ya nguvu ambayo mwili hutumia katika kukimbia, takribani robo tatu, hugeuka kuwa joto, na joto hilo lisipopata pa kutokea ndilo linalomlazimisha mtu kupunguza mwendo. Asubuhi ya kipupwe huliondoa lenyewe. Kinachotakiwa ni kupasha misuli kwa muda mrefu kuliko kawaida na kubaki na nguo za juu hadi karibu kabisa na wakati wa kuanza.

Hapo ndipo waandaaji waliponiudhi. Mifuko ya nguo ilikusanywa mapema, tukapangwa kwenye mstari wa kuanzia tukiwa na fulana nyepesi, kisha tukaambiwa tumsubiri mgeni rasmi. Julai katika mikoa yetu jua huchelewa, huchomoza karibu saa moja, na tulisimama pale mpaka likapanda juu ya mashamba. Mgeni rasmi alipofika, alihutubia. Sina ugomvi na hotuba, lakini hotuba hiyo ingeweza kutolewa wakati wa kugawa medali, tukiwa tumevaa masweta na tukinywa chai. Kocha wetu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, alituamuru turukeruke papo hapo bila kujali heshima ya jukwaa, na nadhani amri hiyo iliokoa misuli ya wengi.

Njia ilikuwa ya kwenda na kurudi kwenye barabara ileile. Anayekuja hapa akitarajia wepesi kwa kuwa hakuna mlima atashangaa. Mlimani mwili hubadilisha kazi: unapopanda mapaja na mashavu ya miguu husukuma, unapoteremka kifua hupata nafuu. Kwenye tambarare misuli ileile hupiga hatua ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna mahali pa kujificha isipokuwa nyuma ya mgongo wa mtu. Tena kuna upepo. Msimu huu ni wa kusi, na Usangu hauna kitu cha kuuzuia. Upepo wa usoni hukuondolea muda mwingi kuliko ule unaorudishiwa na upepo wa mgongoni, kwa hiyo niliingia katika kundi la wakimbiaji wa Iringa na kukaa katikati yake hadi kwenye mzunguko wa kurudi. Tulipokezana kuongoza bila mtu kuamuru, na sikumbuki mbio nyingine za mkoa ambazo nimeona ustaarabu huo.

Baada ya kumaliza, baadhi ya washiriki walilalamika kwamba njia ilikuwa ndefu, kwa kuwa saa zao za mkononi zilionyesha kilomita 10 na mita kadhaa. Lalamiko hili siliungi mkono. Njia inayopimwa kwa utaratibu wa Shirikisho la Riadha la Dunia hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa maalumu cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, kwenye mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuupita, na huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili isije ikawa pungufu. Ukipanua kona kidogo, na saa yako ikayumba kidogo, mita hizo zinapatikana. Waandaaji walisema ndivyo walivyopima, na mabango ya kila kilomita yalilingana na mwendo wangu kwa namna ambayo sina sababu ya kuwatilia shaka.

Kituo cha maji kilikuwepo kwenye mzunguko wa kurudi, lakini tulipewa chupa zilizofungwa badala ya vikombe, na kufungua kizibo kwa vidole vilivyokufa ganzi huku unakimbia ni kazi. Kwa umbali huu na baridi hii wengi waliziacha, zikatapakaa barabarani.

Matokeo yalitumwa kwa ujumbe wa simu kabla hatujafika Igurusi, yakiwa na muda wa chipu, yaani unaohesabiwa tangu mkimbiaji anapovuka mstari wa kuanzia, na muda unaohesabiwa tangu mlio wa kuanzia, kila muda ukiwa peke yake. Nimekwisha kuwaandikia waandaaji kuhusu suala la mgeni rasmi, na nitalipa ada ya mwakani nikipata jibu kwamba mifuko ya nguo itakusanywa dakika za mwisho.