Upwork nikiwa Arusha: uzoefu wangu na kazi ya unukuzi

Kila mara naulizwa kama kazi za mtandaoni zinalipa kweli. Zinalipa. Upwork, tovuti inayokutanisha wateja na watu wanaofanya kazi za mbali, naipa nyota nne kati ya tano, na sababu kubwa ni ulinzi wa malipo. Mteja yuko Canada, wewe uko Sakina hapa Arusha. Akigoma kulipa utamshitaki mahakama gani? Kwa kazi ya bei ya mapatano, yaani bei moja mliyokubaliana kwa kazi nzima, mteja anaweka hela kwanza na Upwork inazishikilia. Ukishawasilisha kazi ana siku 14 za kuikagua, na akikaa kimya hela zinaachiwa zenyewe. Kwa mtu asiye na wakili wala ndugu ughaibuni, hicho ndicho ninachokilipia kwenye makato ambayo Upwork inachukua katika malipo yangu.

Mimi ni mnukuzi. Watafiti wa vyuo vya nje wanakuja huku kwetu, wanarekodi mahojiano kwa Kiswahili, halafu wanatafuta mtu wa kuyaandika neno kwa neno na kuyatafsiri. Saa moja ya sauti inanila masaa manne hadi sita, na kama imerekodiwa nje ni zaidi. Kuna faili la mzee mfugaji akieleza habari za ukame: upepo unapiga kwenye kinasa sauti, jogoo anawika, na pikipiki inapita pale pale anapotaja idadi ya ng'ombe waliokufa. Ni sitini au tisini? Nilirudia zile sekunde kwa spika, kwa hedifoni, kwa mwendo wa taratibu, mpaka nikaridhika kuwa ni sitini. Akichomekea Kimaasai naandika dakika na kuweka alama, sibahatishi. Mtafiti akikosea namba hiyo, amekosea hasara ya familia nzima. Kazi hii naipenda kwa sababu inamtaka mtu aliyekulia na lugha.

Watu huchanganya njia mbili za kula mtandaoni. Frilansa anatafuta mteja mwenyewe, anapanga bei mwenyewe, anabeba lawama mwenyewe. Njia ya pili ni kampuni kuamua kwamba kazi fulani isifanywe na wafanyakazi wake. Inaipeleka kwa kampuni nyingine, na hiyo ndiyo inakumegea wewe vipande. Nimefanya zote. Kampuni moja ya nje ilikuwa ikinigawia manukuu ya video kila wiki. Sikuhangaika kutafuta wateja, lakini bei walipanga wao, malipo yakawa yanachelewa, na mwenye kazi halisi sikumjua hata jina. Hata hapa mjini mambo hayo yapo: kampuni za utalii zinawapa watu wasio wafanyakazi wao kazi za mahesabu, tovuti na kujibu barua pepe za wageni, hasa msimu wa Juni hadi Oktoba ukipamba moto. Kama unaijua Tarangire na Ngorongoro, usizidharau hizo. Hela ikichelewa, unapanda daladala unaenda kuulizia.

Sasa gharama. Kujisajili Upwork ni bure, kwa hiyo anayekudai elfu hamsini ya usajili ni tapeli. Anayekuuzia akaunti iliyokwisha kuthibitishwa anakuuzia balaa, maana kitambulisho kitatakiwa na si chako. Kuomba kazi kunatumia Connects, yaani tokeni za kuombea kazi, senti 15 za dola kila moja, na ombi moja linaweza kula kadhaa. Soma tangazo lote kabla hujaomba. Makato ya mikataba mipya tangu Mei 2025 ni kati ya asilimia 0 na 15. Kabla ya hapo yalikuwa asilimia 10. Mkataba wa dola 200 ukikatwa asilimia 10 zinabaki 180, bado ada ya Payoneer, huduma inayonifikishia hela, bado bei ya benki ya kubadilishia, bado kifurushi cha intaneti. Mimi naanza na kiasi ninachotaka kifike mkononi, ndipo naongeza makato hayo yote juu yake kupata bei ya kumtajia mteja.

Nyota niliyopunguza ni ya kazi za kulipwa kwa saa. Programu ya kuhesabu muda inapiga picha ya skrini katika kila dakika kumi, na nusu ya kazi yangu ni kusikiliza tu, vidole vimetulia, kwa hiyo naonekana kama sifanyi kazi. Saa ukiziandika kwa mkono hazina ulinzi ule wa malipo. Kwa unukuzi, chukua bei ya mapatano.

Mama yangu yuko Moshi. Kila nikimpigia huuliza, "Sasa mwanangu, huyo tajiri wako akikuachisha, mafao utadai wapi?" Ana haki ya kuuliza. Frilansa hana likizo ya malipo wala mwajiri wa kumchangia. NSSF inapokea waliojiajiri, nami nachangia mwenyewe. TIN ya TRA ninayo pia. Hata mwezi ukiwa mbaya, mchango wa NSSF ndio kiasi cha kwanza ninachotenga, kabla ya kodi ya nyumba.

Mteja akikwambia mhamie WhatsApp mlipane huko ili kukwepa makato, kataa. Nimeombwa hivyo na nikakataa, kwa sababu nje ya mfumo hakuna hela iliyoshikiliwa kwa ajili yako. Na ujipange na saa zao: saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu, au saa kumi na moja kule kukiwa baridi. Asubuhi nanukuu, jioni najibu ujumbe.